Mstari wa Mfalme Mbele ya Mlango

Mimi ndiye mnong'onezaji wa kikundi chetu cha maigizo. Naketi kwenye kishimo mbele ya jukwaa. Mwigizaji akisahau maneno hugonga paja kwa kidole gumba, nami namnong'oneza. Kitabu nakishika kwa heshima tu; mchezo wote nimeumeza.

Kaka yangu anaigiza mfalme ambaye mdogo wake aliteketea chumbani, mlango umefungwa kwa nje. Siku kumi na moja mfululizo za mazoezi alikwama palepale, mbele ya ule mlango. Anagonga paja, nanong'ona, ananitazama weee, kisha anauruka mstari na kuendelea. Mwongozaji akachoka, akasema akikwama tena atamvua taji ampe mwingine. Na kaka hana kingine duniani ila jukwaa.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili mwongozaji akatuletea daktari wa akili, mwanamke mmoja mwembamba mwenye sauti ya kubembelezea watoto, atufumbulie moyo wa mfalme. "Mfalme hajasahau," alisema. "Upande mmoja wa moyo wake unajua, wa pili umeziba masikio. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku moja kitasema chenyewe, tena kwa mdomo usioutarajia."

"Daktari, huyo ni mtu wa karatasi," nikamkata. "Karatasi haina utoto." Watu wakacheka, kaka hakucheka.

Sisi utoto tunao. Kitinda mimba wetu alikufa kwa moshi wa mkaa stoo, mlango umekomewa kwa nje. Kaka alikuwa na miaka tisa, mimi saba. Mama alipomuuliza, kaka akasema hakumbuki, labda ni upepo. Na upepo gani unaojua kukomea komeo? Mama alikwenda kaburini hajamwita tena mwanangu. Mimi hakuna aliyeniuliza.

"Hebu nione huo mstari," daktari akasema. Nikafungua kitabu, nikaweka kidole, tayari kumuumbua. Palikuwa pameandikwa: *Upepo ndio uliofunga mlango.*

Nikasoma tena. Sio mstari nilioumeza.

"Na wewe humnong'oneza nini?"

Kaka akaja hadi ukingoni mwa jukwaa, akachuchumaa juu ya kishimo changu na taji lake kichwani. Uso wake sikuutambua, na nimeuona maisha yangu yote. Akagonga paja kwa kidole gumba.

Wallahi sikutaka. Mdomo ulifunguka wenyewe. "Niliufunga mimi."

"Nilisahau siku ya kwanza tu, mdogo wangu," akasema taratibu. "Siku zilizobaki nilitaka kusikia tena. Miaka thelathini nimeamini ni mkono wangu uliokomea." Akavua taji, akaliweka juu ya kitabu. "Sasa nenda kaburini kwa mama, ukamnong'oneze na yeye."