Suruali Chini ya Godoro

Mume wangu Thobias ana njia ya mkato kwa kila kazi, na kila njia yake ya mkato hupita mgongoni mwangu. Shirika lao lilipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa, akakaa nyumbani kwetu Kikuyu mwaka mzima huku mimi nikiuza vitumbua. Hatimaye akaitwa kwenye usaili wa ukarani, kampuni mpya ya mabasi. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

Jumapili jioni nilimwambia awashe mkaa, apige pasi suruali yake ya mtumba, ile moja ya heshima.

"Mkaa wa nini, Mama Miriam? Unaichovya kwenye uji mwepesi wa muhogo, unaianika. Ikiwa bado mbichimbichi unaikunja, unailalia. Asubuhi imenyooka yenyewe!"

Godoro letu lilikuwa chini, kwenye sakafu ya udongo, maana kitanda tulishakiuza.

"Baba Miriam, hapa kuna mchwa."

"Mchwa wanakula miti. Nguo hawali."

Na uji je? Lakini kubishana naye ni kujichosha bure.

Alfajiri akainua godoro. Miguu ya suruali ilikuwa imenyooka kweli. Makalio yalikuwa yameliwa yote, udongo wa mchwa umejaa humo. Akanitazama utadhani mimi ndiye niliyekula.

"Sasa?" akauliza.

Eti sasa! Nilitamani kumchapa mwiko. Nikachukua sketi yangu nyeusi ya kanisani, nikaikata. Nikashona kiraka kwa mkono, nikawasha mkaa, nikapiga pasi. Vitumbua vya siku hiyo sikupika. Yeye akavaa koti refu juu yake, akaondoka akipiga mluzi.

Kazi akaipata siku hiyohiyo. Jioni nilimkuta uani akimpa somo jirani yetu Matonya, ambaye naye alikuwa hana kazi.

"Siri ni suruali, bwana. Unaichovya, unaikunja, unailalia, basi. Wenzangu walikuja na suruali zimekunjamana, aibu tupu."

Matonya akacheka, akanigeukia. "Shemeji, una bahati. Mume wako hasumbui mtu."

Tangu Miriam azaliwe nilikuwa sijawahi kumwita mume wangu kwa jina lake, hata tukiwa wawili.

"Thobias," nikasema, "vua koti."

"Kuna upepo, Mama Miriam."

"Vua koti, ugeuke."

Akalivua polepole, akageuka. Matonya akakitazama kiraka, akaaga, akaenda kwake.