Jina la Nyumba ya Casamayou

Mgeni alikuwa ameketi juu ya ukuta wa mawe mbele ya nyumba, mchana kweupe, anakata mkate kwa kisu kirefu. Graciane alimwona alipotoka kumwaga maji aliyooshea kabichi.

"Za hapa, mama. Naomba maji ya kunywa."

"Maji hatunyimani." Akamletea kikombe.

"Moshi wenu nimeuona tangu kule mlimani. Nyumba ya nani hii?"

"Ya Casamayou," Graciane akajibu, na kama kawaida yake alipolitamka jina hilo, shingo ikamnyooka kidogo.

Mgeni akaacha kutafuna. Akafuta kisu kwenye suruali, upande huu, kisha upande ule. "Mwenyewe yupo?"

"Yuko msituni, anachonga maboriti."

"Mwambie Ramon Escuret wa ng'ambo ya mlima kampitia. Nitarudi." Akashuka ukutani, akaenda zake. Kikombe alikiacha pale pale, kimejaa.

Jina lile halikuwa lao. Graciane na mumewe, Arnaud, walizaliwa Kagoti, watu wa kutengwa, katika bonde la Ossau. Kagoti waliingia kanisani kwa kimlango cha ubavuni. Maji ya baraka walipewa kwa ncha ya fimbo, na maiti zao zilizikwa kando, karibu na kijito. Wanaume wao hawakuruhusiwa kazi nyingine ila useremala. Babu zao walikosa nini, hakuna aliyejua, hata waliowatemea mate hawakujua. Graciane alipopata mimba alimwambia mumewe, "Mwanangu hapiti kwenye kile kimlango. Kama hutaki kuhama, nitahama na tumbo langu."

Wakatembea siku mbili mpaka bonde la Barétous. Padri wa huko alikuwa anatafuta fundi wa kutengeneza mnara wa kengele, akawapa wakae katika nyumba iliyohamwa zamani, paa limebonyea. Nchi ile mtu huitwa kwa nyumba yake: ukiwasha moto Casamayou, wewe ni Casamayou, yaani wa nyumba kubwa. Wazee wakamtazama Arnaud, wakacheka. "Pua hiyo haifichiki! Wewe ni mjukuu wa wale waliokwenda visiwani, ng'ambo ya bahari, au siyo?"

"Ndivyo wasemavyo," Arnaud akajibu.

Basi ikawa hivyo kwa miaka kumi na minane. Kwa nini wenye nyumba wa kwanza waliondoka, Arnaud na mkewe hawakupata kujua. Mjukuu angeulizaje habari za babu zake mwenyewe?

Arnaud aliporudi jioni ile, Graciane akamweleza.

"Maji alikunywa?"

"Hakugusa."

Arnaud akaweka kijiko chini. Mtu wa milimani hanywi maji ya nyumba anayoidai damu.

"Tuondoke," Graciane akasema.

"Na Maylis? Jumapili ndiyo tangazo la tatu."

Maylis, binti yao wa pekee, alikuwa ameposwa na kijana wa Guilhem Hourcade, mwenye kinu cha kusaga nafaka. Jumapili padri akatangaza, hakuna aliyepinga. Nje ya kanisa wanawake wakamzunguka binti, "Ee, bibi harusi, unga huo utaula mpaka uote tumbo!" Graciane alicheka nao hadi alipomwona Escuret akija katikati ya watu, kofia mkononi.

Akasimama mbele ya Arnaud. "Nimelifuata jina hili miaka thelathini," akasema, bila hasira, kama mtu anayesimulia safari. "Ndugu watatu wa Casamayou waliwasukuma baba yangu na ndugu zake wawili korongoni, wakakimbia. Mmoja nilimfuata Bayonne, nikamkuta. Wa pili alihamia Bordeaux, akabadilisha herufi mbili za jina, nikamkuta pia. Wa tatu alipanda meli, homa ya visiwani ikamwahi kabla yangu. Nikadhani yamekwisha. Kisha mchuuzi akaniambia moshi wa Casamayou unafuka tena." Akaigeuza kofia mkononi. "Simwui mtu kwa kubahatisha. Nakuuliza mbele ya kanisa: wewe ni damu yao?"

Guilhem Hourcade alisimama hatua tatu kutoka hapo, mkono begani mwa mwanawe.

Graciane akafungua kinywa. Neno moja tu lingetosha. *Kagoti.* Mgeni angeondoka, na Hourcade naye angeondoka na mwanawe, na Maylis angerudishwa kwenye kile kimlango na watu wale wale waliokuwa wakimtania. Arnaud akamkamata mkono, akaubana mpaka mifupa ikauma.

"Mimi ni Casamayou," akasema. "Ila nakuomba, binti yangu anaolewa Septemba."

Escuret akamgeukia Maylis, akamtazama. "Aolewe," akasema. "Yeye atakuwa Hourcade." Akavaa kofia yake.

"Mkwe, yule mwendawazimu usimjali!" Hourcade akasema kwa sauti kubwa. "Akirudi hapa tutamfungulia mbwa."

Harusi ilifana. Arnaud alicheza mpaka jasho likamlowesha. Wiki zilizofuata alitengeneza kila kilicholegea nyumbani, ngazi, bawaba, na kitako cha kiti cha Graciane. Graciane alimsihi wakimbie usiku, akamsihi asiende msituni peke yake. "Nikikimbia, ataanza kuuliza nilikotoka," Arnaud akajibu. Katikati ya Oktoba akachukua shoka, akatoka. Walimkuta chini ya korongo siku ya tatu.

Watu wakasema ameteleza kwenye majani yenye unyevu. Hourcade mwenyewe alibeba jeneza, na kaburi likachimbwa katikati ya makaburi ya kanisa, panapozikwa watu wa heshima.

Baada ya mazishi padri akafungua daftari la parokia. "Arnaud Casamayou," akaandika. "Jina la baba yake?"

Graciane akatazama wino ukikauka kwenye ncha ya unyoya. "Bernat Casamayou," akasema.

"Alifia wapi?"

"Visiwani, baba. Kwa homa."

Padri akaandika.

Graciane akasubiri mpaka amalize mstari, akaomba asomewe tena kutoka mwanzo, polepole.