Mshale wa Njiti ya Ufagio

Siku hizi kijana akinunua pikipiki ya mtumba hapa Mwanjelwa, Mbeya, hata breki hajazitazama, anataka kwanza dashibodi ya dijitali. Ile ya mshale haitaki, anasema ni ya wazee. Yeye anataka kitu kinachowaka bluu, chenye tarakimu kubwa, kinachomwambia yuko gia ya ngapi utadhani mguu ulioingiza gia ni wa mtu mwingine. Mafundi hawana ugomvi na hilo. Kazi ni kazi, na kwa kazi hiyo hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi kumshinda Yotamu.

Yotamu alikuwa na maneno yake ya kufungia kazi. Akishakaza skrubu ya mwisho na kuunganisha nyaya, alizungusha funguo, kioo kikawaka, na namba ya kilomita ikasimama kwenye sifuri. Hapo alimwita mwenye chombo aje aone. "Pikipiki yako imeokoka leo," alimwambia. "Yote ya nyuma yamefutwa." Vijana walivunjika mbavu kila mara, hata wale waliokwisha kuyasikia maneno hayo wakayachoka. Wengine walileta rafiki zao wafunge dashibodi ili tu waje kucheka.

Ungemwona hivyo usingejua kwamba ni mtu aliyepotelewa na mtoto. Asukile, mtoto wake pekee, aliondoka Mbeya mwaka juzi na pikipiki nyekundu kwenda Mafinga, kubeba wafanyakazi wa viwanda vya mbao, maana bodaboda za mjini zilikuwa zimejaa hadi abiria anagombewa. Kule mambo yalimwendea vizuri. Alipiga simu kila Jumapili watu wakitoka kanisani. Jumapili moja hakupiga, na simu yake haikupatikana tena. Mwenzake waliyepanga naye chumba alisema alimwona jioni amepakia abiria, wanaelekea upande wa msitu wa misonobari. Basi. Hakurudi yeye, hakurudi abiria, wala pikipiki haikuonekana.

Pikipiki hiyo ilikuwa na jambo moja ambalo halikuwa kwenye nyingine yoyote. Wiki ile Asukile anajiandaa kuondoka, mshale wa spidi ulikatika. Yotamu aliifungua dashibodi nyumbani, mezani, akachonga njiti ya ufagio mpaka ikawa nyembamba, akaibandika kwa gundi pale uliposalia mzizi wa mshale. Njiti ilikuwa nyeupe, haionekani vizuri, ndipo mkewe Ikupa akaleta kichupa cha rangi ya kucha alichosahau mdogo wake Devota. Yotamu aliushika mshale kwa vidole viwili usitikisike, Ikupa akaupaka wekundu. Asukile alisimama mlangoni akiwacheka wote wawili, akisema trafiki wakimkamata watamwandikia kosa la kuendesha ufagio. Lakini ule mshale ulifanya kazi. Ulipanda na kushuka kama wa kiwandani.

Kijana alipopotea, Yotamu alikwenda Mafinga akarudi, akaenda tena. Alipita polisi, akapita hospitali na chumba cha maiti, akazunguka viwanda vya mbao akionyesha picha mpaka picha ikachakaa pembeni. Hakuna aliyejua kitu. Ikabaki pikipiki, maana mtu anaweza kupotea lakini pikipiki huuzwa, na ikiuzwa iko mikononi mwa mtu, na huyo mtu aliipata kwa mtu. Hivyo ndivyo alivyowaza, na hakuwa amekosea.

Namba ya chesisi hugongwa kwenye shingo ya pikipiki, chini kidogo ya usukani, na ya Asukile alikuwa nayo kichwani. Kila pikipiki ya aina ile iliyoletwa kwake, hata kama ililetwa kuzibwa pancha tu, Yotamu alipiga magoti kwanza, akafuta vumbi shingoni kwa kitambaa, akasoma. Rangi hakuijali, rangi hubadilishwa. Mwanzoni watu walimwonea huruma. Baadaye wakamchoka. Mteja anayekaguliwa shingo ya pikipiki kabla ya kujibiwa salamu anajiona ameitwa mwizi, na wateja wakaanza kuhamia kwa mafundi wa ng'ambo ya barabara. Vijana wakampa jina, wakamwita Mzee Chesisi, na hawakulisema kwa sauti ndogo.

Ndipo walipomkalisha. Alikuwepo Jailos, fundi jirani yake na rafiki yake wa miaka mingi, na wazee wa kanisa, na Ikupa mwenyewe ameinamisha kichwa. Hawakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Walimwambia kazi inakufa, mke anakonda, jina linachafuka, na huyo mtoto yuko mikononi mwa Mungu popote alipo. Walimwomba aache kupigia magoti pikipiki za watu. Yotamu aliahidi. Waliomba, wakanywa chai, wakaagana, naye hakuwa mtu wa kutoa ahadi za hewani. Akaacha kabisa. Wateja wakarudi, utani wa kuokoka ukaanza, na Mwanjelwa nzima ikasema fundi amepona.

Basi alikuwa na afya yake hiyo siku yule mtu alipokuja.

Ilikuwa mchana wa manyunyu na baridi. Pikipiki ilikuwa nyeusi, tangi jipya, siti mpya, na dashibodi ya zamani ambayo kioo chake kilikuwa kimefifia hata huoni mshale wala namba. Mwenyewe alikuwa kijana aliyevaa koti kubwa na kofia ya sufu iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Kamwene, fundi," alisema.

Hiyo ni salamu ya upande wa Iringa, iliko Mafinga, na moyo wa Yotamu uliruka. Akaukemea moyo wake kimyakimya, akamjibu kijana vizuri, akamwuliza anataka dashibodi ya rangi gani. Kisha akaanza kufungua ile ya zamani. Skrubu zake ziko shubiri moja tu kutoka shingoni, na shingo ya pikipiki ile ilikuwa imegandamana grisi na tope jekundu. Kitambaa kilikuwa mkononi. Mkono ulikwenda wenyewe, nusu ya njia, na Yotamu alipoinua macho akamkuta Jailos anamtazama kutoka kwenye kibanda chake. Akaona haya. Akarudisha mkono, akajifuta vidole kana kwamba ndilo alilotaka kufanya, akaendelea na kazi.

Kijana alikaa kwenye kigoda, akichokoa tope kwenye kiatu chake. Kisha akauliza, bila kumtazama.

"Fundi, nimesikia hapa kuna mzee anamtafuta mtoto wake. Ni kweli?"

Mwaka mmoja nyuma swali hilo lingemfanya Yotamu aangushe bisibisi. Lakini alikwisha kuulizwa mara nyingi na wahuni wanaotaka kumsikia anahadithia ili wakacheke stendi, na Jailos alikuwa bado anatazama, na ahadi ni ahadi.

"Hayo yamekwisha, kijana," alisema. "Hapa tunafunga dashibodi tu."

Yule mtu aliinamia ardhi. Akasema, "Haya, mzee." Alilipa taslimu. Yotamu akazungusha funguo, kioo kikawaka bluu, sifuri ikatokea, naye akamwita aje aone, akamwambia pikipiki yake imeokoka leo, yote ya nyuma yamefutwa. Kijana hakucheka. Alipanda, akashika njia ya barabara kuu, akapotelea kwenye manyunyu. Jioni ile Jailos alimnunulia Yotamu supu, akamwambia leo amemwona jinsi alivyojizuia, amempenda.

Dashibodi za zamani Yotamu hakuzitupa. Alizitia kwenye ndoo chini ya meza kwa ajili ya vigia vyake vya plastiki vinavyozungusha mshale, maana mara moja moja hutokea mtu anayevitaka. Akatokea Mzee Ezekia, mkulima wa viazi kutoka milimani, ambaye mambo ya dijitali hataki hata kuyasikia; alisema yeye anataka mshale unaopanda pikipiki ikipanda na kushuka ikishuka, hayo mataa awapelekee watoto. Kigia chake kilikuwa kimelika meno. Yotamu akacheka, akavuta ndoo, akaokota dashibodi ya kwanza iliyokuja mkononi, yenye kioo kilichofifia, akaubandua ukingo wake kwa bisibisi, akatoa kioo.

Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Ulikuwa na wekundu uliopauka, na haukuwa wa bati wala wa plastiki. Ulikuwa njiti ya ufagio.

Aliusukuma kidogo kwa ncha ya kidole. Ukapanda, ukarudi. Mzee Ezekia akauliza kama kigia kinafaa. Yotamu akajibu kwamba hiki hakifai, baba, naomba uje kesho, na sauti yake ilikuwa ya kawaida hata yule mzee akaondoka bila kujua kitu. Baada ya hapo alikaa chini, kwenye mafuta na skrubu, dashibodi mapajani, mpaka Jailos alipokuja kumwuliza kama anaumwa.

"Nilikuwa nayo mikononi," Yotamu alimwambia.

Jailos alitazama ile njiti, akakumbuka siku ya manyunyu, akakumbuka na supu. Naye akakaa chini.

Polisi walimpokea kwa heshima. Walimwuliza namba ya usajili ya ile pikipiki nyeusi, hakuwa ameisoma. Walimwuliza jina la mtu huyo, hakuwa amelichukua. Sura je? Alikumbuka kofia. Alijikamua akili yote, akagundua kwamba kitu anachokikumbuka vizuri ni dashibodi: ya bluu, tarakimu kubwa, skrubu nne. Na dashibodi za namna hiyo alikuwa amezifunga mwenyewe mji mzima. Askari alifunga kalamu taratibu, akamwambia akiiona tena apige simu.

Alikwenda Mafinga na ile dashibodi ameifunga kwenye kipande cha kitenge. Malori ya mbao yalipita, vumbi la misumeno likamjaa mabegani, naye akatembea kijiwe kwa kijiwe akifungua kitenge na kufunga. Waendesha bodaboda walikuwa watoto wazuri. Waliinama juu ya dashibodi zao zinazowaka, wakaitazama njiti, wakatikisa vichwa, wakampa pole. Alimwuliza kila mmoja juu ya kijana wa koti kubwa na kofia ya sufu. Mafinga ni baridi, kila kijana ana koti kubwa na kofia ya sufu. Alirudi Mbeya akijichukia kiasi kwamba hakutaka hata kuegemea dirisha la basi, asije akapata usingizi akapumzika.

Nyumbani Ikupa alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Yotamu hakuwa amemweleza kitu kabla ya safari, alimdanganya kwamba anakwenda kuulizia vipuri. Sasa akafungua kitenge juu ya meza ile ile, akamweleza. Alimweleza juu ya tangi jipya na kioo kilichofifia. Alimweleza juu ya salamu, na shingo iliyojaa grisi, na kitambaa kilichofika nusu ya njia kikarudi. Alimweleza mpaka na ule utani wake wa kuokoka, akimtazama usoni, kwa sababu alitaka mkewe amchukie pia. Jambo moja tu alikuwa bado hajalisema. Alikuwa analisogelea.

Ikupa hakulia. Aliweka ungo chini, akaivuta dashibodi karibu yake, akaitazama njiti.

"Baba Asukile," alisema, "huyo mtu hakukuuliza kitu?"

Yotamu akaona jinsi mkono wa mkewe ulivyoshika ukingo wa meza.

"Hakuniuliza kitu, Mama Asukile."

Ikupa alishusha pumzi, na mabega yake yakalegea. Akasema basi huyo ni mnunuzi tu, aliuziwa na wengine, hajui chochote. Angekuwa anajua baya lililompata mtoto, akafika mbele ya baba yake, lazima angeuliza hata neno moja. Binadamu hana kifua cha namna hiyo. Pikipiki kuuzwa si habari ya kifo. Vijana wangapi wanauza pikipiki wakaenda kutafuta maisha Zambia, halafu wakaona aibu kupiga simu? Aliyasema yote hayo haraka, kwa uso ambao Yotamu hakuwa ameuona tangu mwaka juzi, naye akakaa akiitikia, ndiyo, ndiyo, na ndani yake hakukuwa na kitu kilichobaki kimesimama.

"Rangi imepauka," Ikupa alisema. "Akirudi atatucheka tena."

Akaingia chumbani, akatoka na kile kichupa cha Devota. Rangi ilikuwa imeganda, akaitikisa sana, akaikoroga mpaka brashi ikashika kidogo. Akasogeza kiti. Yotamu akaushika mshale kwa vidole viwili usitikisike, na mkewe akaupaka.