Beseni la Shangazi Kwenye Kona

Mama aliapa mbele yetu sote kwamba hatasafiri tena na pikapu ya marehemu baba. Siku hiyo, kwenye kona ya pili ya mlimani, gari lililala upande hadi Mama akateleza kitini na kumwangukia kaka yangu, aliyekuwa anaendesha, kama gunia. Tangu hapo miezi kumi na minne ilipita bila Mama kumwona mdogo wake, anayekaa ng'ambo ya mlima ambako basi halifiki. Walisalimiana kwa simu kila asubuhi, na haikupita wiki bila mmoja wao kulia.

Ndiyo maana, nikiwa na miaka hamsini na miwili, nilijiandikisha darasa la jioni la ufundi wa magari. Nilimwomba Mungu anipe akili ya kuelewa na vidole vya kushika. Mengine niliona ni tamaa.

Jumamosi tulipandisha gari juu ya magogo uani. Kaka ni seremala, kwa hiyo magogo hayakutusumbua. Tulitoa springi zilizochoka, tukaweka mpya pamoja na shokapu za kutuliza mdundo, kisha tukafunga kile nilichokiota kwa wiki nzima: stabilaiza mbili, ya mbele na ya nyuma. Ni chuma kirefu kilichopindwa ncha zote mbili, kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ili upande mmoja ukitaka kulala, mwenzake aukatalie. Kabla ya kila bolti nilisali kimoyomoyo.

"Mwanafunzi," Kaka alisema, maana ndivyo alivyoniita siku hizo, "ukiendelea hivyo hata misumari ya kabati langu itaokoka. Kaza."

Nikakaza zote, kwa nguvu zangu zote.

Tulipolishusha, gari lilisimama pua juu, limebinuka upande mmoja kama mtu aliyelalia shingo vibaya. Nikakimbilia daftari langu. Humo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika na kupiga mistari miwili chini: bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na mzigo wake wa kawaida. Bushi ni ile mipira inayokaa katikati ya vyuma. Mimi nilikuwa nimeikaza gari likining'inia, nayo ikang'ang'ania mkao wa kuning'inia.

Nikalegeza nati zote. Kulijua kosa langu kulinifurahisha mno, nikacheka peke yangu chini ya gari.

"Na mzigo wake wa kawaida ni upi?" Kaka akauliza.

"Ni sisi."

Akaitwa shangazi, ambaye Mungu hakumnyima mwili, na jirani yetu mshonaji. Wakapanda nyuma. Nikachungulia springi, nikasema bado mtu mmoja. Mama alikuwa anaanua nguo. Wote wakamtazama.

"Niliapa kutosafiri," alisema. "Kutokaa sikuapa."

Akapanda mbele, akakunja mikono.

"Wifi, shikilia vizuri," Shangazi alimwambia. "Lisije likakukimbia limesimama."

Wakacheka, gari likadunda, spana ikachomoka kwenye nati.

"Msicheke, nati inanitoroka."

Wakacheka zaidi. Nikangoja, nimelala chali, machozi ya kicheko yakiniingia masikioni. Kaka akainama, akaninong'oneza, "Si yumo ndani? Niwashe tuondoke."

"Umuibe mama yako mzazi?"

"Nimkopeshe kwa mdogo wake."

"Hapana. Apande kwa kutaka mwenyewe."

Nilipomaliza kukaza, gari lilikuwa limenyooka kabisa. Nikamwomba Mama ashuke, sisi tujaribu kwanza. Alishuka, akaingia ndani, akarudi na beseni la maji robo tatu. Akampakatisha Shangazi kule nyuma.

"Mzunguke ile kona ya sokoni kwa mwendo wa siku ile. Likimwagika ubavuni mwake, mtaniacha na simu yangu."

Tukaenda. Sijawahi kusali dua fupi kama ile: "Bwana, kona." Kaka akakata usukani. Moyo wangu ulilala upande wa kushoto, gari halikulala. Nikaanza kupiga makofi, na hapohapo mbuzi akakatiza barabara. Kaka akafunga breki.

Nyuma tukasikia Shangazi akisema kwa utulivu, "Nimeoga."

Tulirudi uani. Shangazi alishuka akichuruzika maji. Mama akamzunguka mara moja, akamshika nguo kiunoni kulia, akashika kushoto, kisha magotini.

"Magoti yameloa," alisema.

"Ni breki, Mama," nikasema. "Maji yameenda mbele. Stabilaiza haizuii breki, inazuia—"

"Nimekuuliza?" Akashika tena kiuno cha wifi yake, pande zote mbili. "Ubavuni pakavu. Mimi niliapa juu ya gari linalolala. Hili halilali."

Akaingia kuchukua mkoba na khanga mbili za mdogo wake. Alipotoka alimkuta Kaka keshakaa kwenye usukani.

"Shuka," alimwambia. "Ataendesha aliyekaza."

Nikakaa kwa furaha kama bibi harusi. Nikafumba macho nianze sala ya safari.

"Fumbua," Mama alisema, akifunga mlango. "Mungu anasikia hata ukiwa unatazama mbele. Twende, mwenzangu hajui kama nakuja."