Kichekesho cha Msiba wa Theophil

Victoria aliacha kuchapa alipofika ukurasa wa saba. Mama yake, Evarista, alikuwa anachambua maharage, akainua kichwa na kuona kidole cha binti yake kimesimama juu ya simu.

"Mama, huu ni msiba wa baba."

"Ndiyo."

"Umeandika kichekesho cha msiba wa baba."

"Nimeandika kichekesho cha mtani. Kilitokea msibani. Endelea, Ijumaa saa kumi wanafunga."

Victoria aliilaza simu juu ya kaunta buku lenye mwandiko wa mama yake. "Sichapi."

Kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kimetangaza shindano la vichekesho kwa watu ambao hawajawahi kuandika. Kurasa zisizidi kumi, zichapwe, zitumwe kwa barua pepe, na vitatu bora vitaigizwa. Evarista alikuwa anauza nguo za watoto za mtumba pale soko la Mchikichini. Alikuwa na stashahada ya utunzaji kumbukumbu ambayo haikuwahi kumpa ofisi, na kwa miaka kumi na mmoja aliwachekesha wateja mpaka wakasahau kuomba kupunguziwa. Alitaka kujua jambo moja tu: kama anaweza kumchekesha mtu asiyemwona. Aliandika habari za mwenye nyumba, ikawa kavu. Aliandika habari za wapangaji wanaogombea umeme wa luku, ikawa kavu zaidi. Alipoandika msiba wa mumewe, kalamu ilikimbia yenyewe.

Theophil alikuwa Mngoni kama yeye. Alipofariki, miaka miwili nyuma, watani walikuja kufanya kazi yao ya kuwachekesha wafiwa, na aliyewapita wote alikuwa Benjamini, Mhehe anayeuza mikanda meza ya pili kutoka kwa Evarista. Siku ya pili ya matanga alivaa shati la marehemu, akakalia kiti cha marehemu, akakohoa kile kikohozi cha marehemu cha kudai chai, kisha akasema kwa sauti ileile, "Watu wamejaa humu ndani na chai hakuna. Nimekufa au nimehama?"

Watu walivunjika mbavu. Evarista, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu watoke hospitali, alicheka mpaka akaegemea ukuta, halafu akaomba uji. Ndipo ikaja sehemu tamu kuliko zote: binti alitoka chumbani mbio, akateleza kwenye mkeka, akaanguka miguuni pa Mhehe. Watu wakaanza kucheka upya. Hiyo ndiyo ilikuwa ukurasa wa saba.

"Watu walicheka, Vicky. Hata mimi nilicheka. Utani ni mila yetu. Au mila huijui?"

"Naijua."

"Sasa?"

"Unajua kwa nini nilitoka mbio?"

Evarista hakuwahi kujiuliza. "Ulisikia vicheko, ukataka kuona."

"Nilikuwa nimelala. Nikamsikia baba anadai chai." Victoria alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Nikajua walikosea kule hospitali."

Evarista aliendelea kuchambua maharage ambayo alikuwa ameshayachambua. Kisha akasema, "Maji yapo kwenye ndoo. Kaoge."

Kesho yake, Alhamisi, Benjamini alimwanza mapema.

"Mngoni, umenuna. Umekosa wa kumnyang'anya ng'ombe?"

"Nyamaza, Mhehe. Nina neno na wewe."

Alimweleza lote. Benjamini alikuwa anamwonyesha mteja mikanda minne. Aliiweka chini, akamwomba mteja apite baadaye.

"Alidhani ni yeye?"

"Alidhani ni yeye."

"Na mimi nikamuuliza, 'Binti, umekuja kunichimbua?'"

"Hata hilo nimeliandika."

Benjamini alikaa juu ya robota la nguo. "Ndiyo maana haniamkii. Nikasema ni maringo ya Kingoni." Alikwangua kucha kidogo. "Mtani haombi radhi kwa utani. Lakini siku ile yule hakuwa mtani wangu. Alikuwa mtoto amefiwa. Nije nimwombe?"

"Usije kwanza. Ukifika utaanza kuchekesha."

"Na kichekesho chako?"

"Namtoa mtoto."

"Ukimtoa kitachekesha?"

"Sijui. Kitatumwa."

Ijumaa asubuhi alipeleka kaunta buku kwa Zamzam, mwenye duka dogo la kuchapa pale Ilala. Zamzam alichapa huku anacheka peke yake, hadi mwisho wa ukurasa wa sita. Kisha akageuka.

"Dada Evarista, mbona hapa kinakufa?"

"Chapa kilichopo."

Angeweza kukituma palepale. Badala yake alimwambia Zamzam akitume kwenye simu ya Victoria, akachukua na nakala, akafunga meza mapema, akaenda nyumbani kumsubiri. Kitu cha Theophil hakiwezi kwenda mbele za watu bila mwanawe kukisoma.

Victoria alikisoma amesimama, begi la shule mgongoni. Pale marehemu anapodai chai, mdomo wake ulicheza kidogo. Alifunua, akafunua tena, akarudi nyuma.

"Mimi niko wapi?"

"Nimekutoa."

"Kwa hiyo marehemu hakuwa na mtoto."

"Si ulisema hutaki?"

"Nilisema sichapi. Sikusema nisiwepo."

Evarista alivuta stuli akakaa, ili wawe wanatazamana vizuri. "Nilikosea, Vicky. Nilikuwa nacheka, sikukuangalia. Ningekuangalia ningejua." Kwake yeye, asiyezoea kuomba radhi, hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Victoria alivua begi, akachukua kalamu. "Aliponiuliza kama nimekuja kumchimbua, sikumjibu. Ila nimekuwa namjibu kichwani tangu siku ile." Akaandika pembeni ya ukurasa, akamsogezea mama yake.

BINTI (anainuka, anamkagua mtani juu mpaka chini): Wametuletea mtu siye. Rudi ulikotoka, kamwambie mwenyewe aje. Chai yake ipo.

Evarista alicheka. Kicheko kilifika katikati kikageuka kitu kingine, akajifuta kwa upindo wa khanga, akasoma tena.

"Watacheka hapa?" Victoria aliuliza.

"Watacheka. Halafu watanyamaza."

"Ndivyo ninavyotaka."

Saa tisa na nusu ilikuwa imeshapita. Victoria alichapa ukurasa wa saba upya kwenye simu kwa vidole viwili, haraka, mama yake akimsomea kutoka kwenye kaunta buku, na mara mbili binti alimkatiza na kumwambia sivyo ilivyokuwa, na mara mbili Evarista alikubali. Zilibaki dakika nane walipofika kwenye fomu ya kuambatisha.

"Jina la mwandishi," Victoria alisoma.

"Andika mawili."

"Nafasi ni ya jina moja."

"Yabane," alisema Evarista.

Victoria akayabana, akatuma.