Mikono Yote Miwili ya Kulia

Kundi la mafundi cherehani alilolianzisha kwenye simu lilikuwa na sharti moja tu: nguo ipigwe picha ikiwa imegeuzwa, ndani iwe nje. Kwa nje kila nguo inajua kujipamba. Ndani ndiko kunakoonekana uzi uliokatika, pindo lililokwenda upogo na kwapa lililolazimishwa. Ukituma picha, wenzako wanakuonyesha ulipokosea, unafumua. Ndivyo walivyofundishana mwaka mzima, watu thelathini na saba ambao wengi wao hawajawahi kuonana.

Mwenye kundi walimwita Dada Pindo. Alishonea katika chumba cha mbele alichoachiwa na marehemu shangazi yake. Siku ambazo wateja hawakuja, aliweza kufika saa kumi hajatamka neno, isipokuwa labda kuitukana sindano. Basi simu aliiweka pembeni ya cherehani, na sauti za kundi zikawa ndio majirani zake. Kundi likivunjika atabaki na cherehani, na cherehani haimuulizi mtu ameamkaje.

Aliyeongea kuliko wote ni mzee waliyemwita Mkasi. Huyo alishona suti wengine hawajazaliwa, na jicho lake halidanganyiki. Wiki moja nyuma Dada Pindo alituma koti la mteja, mzee akamwambia bitana, kitambaa cha ndani, ameikata sawasawa na koti, hakuiachia nafasi. Mtu akikunja mikono, mgongo utavuta. Ilimchoma. Alikaa na koti mapajani akimtafutia mzee kosa. Mwisho akalivaa, akakunja mikono, mgongo ukavuta. Akafumua, kisha akamwandikia kwamba alikuwa sahihi. Mkasi akamjibu kwa sauti yenye kicheko: binti huyu akiishi miaka mia atakuwa fundi. Siku nzima Dada Pindo alicheka peke yake.

Jumatatu Mama Pacha akatuma gauni. Alikuwa mgeni kundini, mwezi wa pili tu, anashonea sebuleni pacha wakimpanda mgongoni. Gauni lake lilikuwa na kosa ambalo kila fundi amewahi kulifanya na kila fundi atalikana: hakukigeuza kielelezo cha karatasi wakati wa kukata mkono wa pili, kwa hiyo mikono yote miwili ilikuwa ya kulia. Bega la kushoto lilijaa mikunjo.

"Mikono yote ni ya kulia. Fumua," ilisema sauti ya Mkasi. Kazi ilikuwa imeishia hapo, lakini sauti ikaendelea. "Hivi wewe mama, kichwani umejaza pamba? Watoto wawili tu wamekushinda, cherehani utaiweza wapi? Rudi jikoni."

Wawili wakatuma vicheko. Waliobaki wakasikiliza, kimya.

Dada Pindo alibaki na mguu juu ya kanyagio. Alimwandikia mzee pembeni, wao wawili tu, akiyachagua maneno kama anayechagua vifungo vya bwana harusi. Hakujibiwa. Jumanne mchana akampigia.

Mkasi alimwambia yeye hana maneno ya sukari, kisha akamuuliza kama ile mikono ilikuwa ya kulia au haikuwa.

"Ilikuwa, baba."

"Basi nimemkosea nini?"

"Gauni ulilimaliza kwa neno la kwanza. Yaliyofuata yalikuwa ya kumdhalilisha mwenyewe. Naomba umtake radhi."

Mzee akakohoa. Alisema hajawahi kumtaka radhi mwanafunzi na hataanza uzeeni. Kama kundi limekuwa la mayai yasiyoguswa, basi wamtoe. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayengoja aambiwe, usiende. Dada Pindo naye alikuwa nalo neno hilo mdomoni. Alilimeza, akaaga.

Jumatano asubuhi akamtoa. Simu ikaandika kwa herufi ndogo kwamba amemtoa. Hadi saa sita watu tisa walikuwa wameondoka wenyewe. Akatafuta jina la Mama Pacha amwambie kuwa mambo yamekwisha. Halikuwepo. Aliondoka Jumatatu ileile, na Dada Pindo hakuona.

Akampigia. Nyuma ya simu pacha walikuwa wanagombea mfuniko.

"Sikuondoka kwa sababu ya mzee," Mama Pacha alisema. "Baba yangu ana mdomo kuliko huyo. Na mikono kweli nilikosea, nimeshakata mingine. Ila niliiweka simu mezani nikangoja mtu mmoja tu aseme, mzee, hapo umezidi. Hasa wewe."

"Nilimwambia, mwenzangu. Pembeni."

"Mimi nimetukanwa hadharani, yeye umemsema mlango umefungwa. Ningejuaje?"

Dada Pindo aliomba radhi. Mama Pacha aliipokea, lakini alipoombwa arudi alisema kwanza awaogeshe watoto, mengine wataongea. Hakusema lini.

Mchana ule Dada Pindo hakushona. Alirekodi sauti, akafuta, akarekodi tena. Aliliambia kundi kwamba Mkasi alikuwa sahihi kuhusu gauni na alikosea kuhusu mtu. Kisha akafika kwenye lake.

"Nililisikia tusi siku ileile. Nikanyamaza hapa kwa kuwa napenda kuongea na yule mzee, nikaogopa kumkosa. Mwenye la kuniambia aniambie."

Majina ya waliosikiliza yakaanza kupanda, moja moja, mpaka wakafika wote ishirini na watano. Alikunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa. Alifagia nyuzi. Jua lilipohamia ukuta wa pili, simu ikalia. Alikuwa fundi mmoja wa sare za shule, mtu ambaye tangu aingie kundini hakuwahi kuandika hata salamu.

"Ungesema Jumatatu," aliandika.

Dada Pindo alisoma mara mbili. Akajibu, "Kweli," akavuta kiti karibu na simu, akangoja wa pili.