Godoro la Mteja

Sindano ndefu ilimchoma kidole, akazinduka. Fundi wa magodoro alikuwa amesinzia tena juu ya kazi, asubuhi kweupe, na mshono umekwenda kombo. Muuza redio wa duka la pili akacheka, akasema Treni ameshafika kituoni. Ndilo jina alilopewa mtaani, kwa kukoroma kwake.

Watu walipomwita hivyo, yeye alicheka nao. Mkewe hakucheka. Vumbi la pamba lilikuwa limemvimbisha fundi pua kwa ndani miaka na miaka, haizibuki. Akilala alihema kwa mdomo, akakoroma mpaka mabati yakasikia, kisha pumzi ikakata. Hapo mkewe alimsukuma ubavuni hadi irudi. Asubuhi fundi alilalamika kwamba ananyimwa usingizi, na mkewe akamtengea chai.

Kidole kile ndicho kilichompeleka hospitali, na huko akasimulia jinsi anavyosinzia kazini na jinsi mkewe anavyomsukuma usiku pumzi ikikata. Walimwazima mashine ya kumsaidia kupumua usingizini, lakini kwa pua iliyoziba vile haikuvumilika usoni. Daktari akamwongezea dawa ya kupuliza puani, akamwambia aoshe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na kazini avae barakoa.

"Na huyo anayekusukuma, mzee," daktari akauliza, "yeye hulala saa ngapi?"

 Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, ameinamisha kichwa.

Pua ilizibuka polepole, mashine nayo ikaanza kuvumilika. Mshono ukanyooka. Siku moja alitoka kununua uzi, na aliporudi alimkuta mkewe, aliyemletea chakula cha mchana, amejilaza juu ya godoro jipya la mteja. Kanga imemteleza begani, mdomo wazi kidogo, anakoroma. Miaka yote ya ndoa yao, fundi hakuwahi kumsikia akikoroma. Shukrani ilimjaa kifuani, machozi yakamlengalenga.

Mteja akaja na mkokoteni wake.

"Fundi, si uliniambia liko tayari?"

"Liko tayari, mama," akamnong'oneza. "Ila nisamehe, leo lina mwenyewe. Kesho nitakuletea mimi hadi mlangoni."

Mwanamke yule akachungulia, akatabasamu, akaugeuza mkokoteni taratibu. Fundi akamwashiria muuza redio apunguze sauti. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na ubavu wa mkewe, akisikiliza kila pumzi, kama mtu aliyepokea zamu.